Maswali na Majibu: Omu ya Arusha na Omu ya Mombasa

Katika toleo lililopita tuligusia kwamba kila mita ya umeme iliyoko karakanani hupata uhalali wake kutoka kwenye viwango vya rejea vya taifa, na tangu siku hiyo barua zimeendelea kutufikia kutoka Arusha, Moshi na Hai. Tumechagua tano. Kabla ya kuzijibu ni vyema tuliweke sawa neno moja linalowachanganya wengi. Tunaposema "kiwango" kwa Kiswahili, mara nyingi tunamaanisha waraka unaoeleza bidhaa iwe na sifa gani, kama vile unene wa nondo au ubora wa unga. Katika safu hii, kiwango cha rejea ni kitu chenyewe kinachoshikilia kipimo: kikinzani ambacho omu zake, yaani kiasi chake cha kuupinga umeme, zinajulikana kwa uhakika mkubwa, chanzo cha volti kisichoyumba, au kihisi cha nguvu za mawimbi. Fani inayovishughulikia vitu hivyo inaitwa ugezi, na kuifanyia mita ugezi ni kuilinganisha na kiwango cha namna hiyo.

Ndugu Mhariri,
*Mimi ni fundi mkuu katika karakana inayosuka mota na kutengeneza transfoma ndogo hapa Unga Limited, Arusha. Mwezi Julai tulimuuzia mteja wa Mombasa transfoma sita za kilovolti-ampea 5. Siku ya kuzipakia, saa moja asubuhi, nilipima ukinzani wa koili ya upande wa volti 400 nikapata omu 0.412. Mteja alipoipima transfoma hiyo hiyo kwake alipata 0.436, akatuandikia kwamba tumetumia waya mwembamba kuliko tulivyokubaliana. Mita yetu ni ya waya nne na ina cheti cha ugezi. Naye anasema yake ina cheti. Je, omu ya Tanzania na omu ya Kenya zinatofautiana? Na mwamuzi ni nani?*
Fundi, Unga Limited, Arusha

Ndugu fundi, pole kwa tuhuma hiyo, maana kuambiwa umepunja waya ni jambo linalogusa jina la karakana nzima. Tulipokupigia simu ulitueleza kwamba asubuhi ile kipimajoto cha karakana kilisoma nyuzi 14, na kwamba mteja wako aliandika nyuzi 28 kwenye karatasi yake ya vipimo. Namba hizo mbili ndizo zinazobeba karibu jibu lote.

Ukinzani wa shaba hupanda kadiri inavyopata joto. Kwa koili za shaba mafundi hutumia kanuni nyepesi: chukua joto la koili, ongeza 234.5, na ukinzani utapanda au kushuka kwa uwiano wa jumla hizo. Kwa nyuzi 14 jumla ni 248.5, na kwa nyuzi 28 ni 262.5. Omu zako 0.412 zikihamishiwa kwenye joto la Mombasa zinakuwa takriban 0.435. Mteja alipata 0.436. Tukizirudisha namba zote mbili kwenye nyuzi 20, yako inakuwa 0.4219 na yake 0.4227, yaani mmepishana kwa asilimia 0.2 hivi. Waya ni ule ule, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Lakini naomba usiishie hapo na kuona kwamba cheti cha ugezi hakikuwa na kazi. Hesabu hiyo ya joto inaaminika kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba tunajua mita zote mbili zimetokana na omu moja. Kama mita yako isingekuwa na mnyororo wa ugezi nyuma yake, mteja angekuwa na haki ya kusema kwamba tofauti imetoka kwenye mita, nawe ungekuwa na haki ya kusema hivyo hivyo juu ya mita yake, na mabishano yasingefika popote. Viwango vya rejea vimemwondoa mshukiwa mmoja kwenye orodha, ndipo joto likaonekana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa zaidi viwandani, ingawa haitajwi sana kwa kuwa mambo yakienda vizuri hakuna anayeiona.

Mnyororo wenyewe uko hivi. Mita yako ililinganishwa na vikinzani vya maabara iliyotoa cheti. Vikinzani vya maabara hiyo vililinganishwa na vya ngazi ya juu zaidi, na kwa Tanzania mtunzaji wa viwango vya rejea vya taifa ni Shirika la Viwango Tanzania, ambalo maabara yake ya ugezi ipo Ubungo, Dar es Salaam. Katika ngazi hizo za juu, vikinzani vya usahihi mkubwa hutunzwa ndani ya beseni la mafuta ambalo joto lake haliruhusiwi kuyumba, kwa sababu ile ile iliyokupata wewe asubuhi ya Julai. Kutoka hapo mnyororo unapanda hadi kwenye maabara chache duniani zinazoipata omu kutoka kwenye maumbile yenyewe. Mwaka 1980 mwanafizikia Mjerumani Klaus von Klitzing aligundua kwamba kipande chembamba cha kipitishio nusu, kikipozwa sana na kuwekwa kwenye usumaku mkali, hutoa ukinzani unaokaa kwenye ngazi zisizobadilika, na ngazi ya kwanza ni omu 25,812.807. Kipande kikitengenezwa Ujerumani au Afrika Kusini, thamani ni hiyo hiyo. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana: omu ya Tanzania na ya Kenya ni moja, alimradi kila upande umelinda mnyororo wake usikatike.

Kuhusu mwamuzi, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya mwaka 2006 inayohusu viwango, uhakiki wa ubora, ugezi na upimaji, na makao makuu ya Jumuiya yako hapa hapa mjini kwetu. Hata hivyo, ugomvi kama wako haupaswi kufika huko. Ungemalizwa na mstari mmoja katika mkataba wa mauzo, unaosema kwamba ukinzani utaandikwa kwa joto la rejea, kwa mfano nyuzi 20, na kwamba transfoma iachwe mahali pa kupimia usiku kucha ili koili ifikie joto la chumba kabla haijaguswa.

Jambo la mwisho kwako, na hili ndilo ninaloliona likipuuzwa mara nyingi. Toa cheti chako kwenye faili ukisome. Angalia mita yako ilipimwa kwenye omu ngapi. Nimeona vyeti vingi ambavyo mita ilijaribiwa kwenye omu 10, 100 na 1,000, ilhali mwenye mita anaitumia kila siku kwenye omu 0.4. Cheti cha namna hiyo ni halali, lakini hakizungumzii kazi yako. Angalia pia mashaka ya kipimo, yaani upana wa nafasi ambamo thamani ya kweli inaaminika kuwamo. Kama cheti kinataja marekebisho bila kutaja mashaka, rudi kwa waliokitoa uwaulize. Na kama maabara inadai kuwa na ithibati, yaani utambuzi rasmi wa uwezo wake, omba orodha ya vipimo ambavyo ithibati hiyo inavihusu. Maabara kadhaa za nchi yetu zimepewa ithibati na SADCAS, taasisi ya ithibati ya nchi za SADC yenye makao yake Gaborone, na orodha za vipimo vyao huwekwa wazi ili mteja azisome.

Mhariri,
*Nina majengo ya ghala Pasua, Moshi, ambayo nimewapangisha mwenye mashine ya kusaga, mchomeleaji vyuma na muuza barafu. Nilinunua mita ndogo tatu dukani nikamfungia kila mmoja ya kwake. Mwezi uliopita mita zao kwa jumla zilisoma uniti 2,310, na mita kuu ikasoma 2,420. Wapangaji wanakataa kulipia hizo 110. Mita ipi inasema kweli?*
Mama mwenye ghala, Moshi

Mama yetu, inawezekana kabisa kwamba zote zinasema kweli kwa kadiri zilivyoweza. Mita ya uniti ya daraja la 1 inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 1 juu au chini katika matumizi ya kawaida, na ya daraja la 2 hadi asilimia 2. Pishano lako ni asilimia 4.5, kwa hiyo madaraja peke yake hayatoshi kulieleza. Sehemu ya pili ni waya uliopo kati ya mita kuu na mita ndogo. Mkondo wa ampea 30 ukipita kwenye waya ambao kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 0.1, wati 90 zinaishia kuupasha waya joto. Mita kuu inazihesabu, mita ndogo haizioni. Pima urefu wa waya unaoelekea kwa mpangaji wa mbali zaidi na unene wake, na kama mita ndogo zimefungwa mlangoni mwa kila mpangaji, zihamishie karibu na ubao mkuu.

Sehemu ya tatu ninaishuku zaidi. Mashine ya kuchomelea huvuta umeme kwa vishindo, na mkondo wake haupandi na kushuka sambamba na volti. Mita ndogo isiyo na daraja lililoandikwa usoni hupata shida kwenye mzigo wa aina hiyo, hata kama kwenye balbu husoma vizuri. Upimaji sahihi wa uniti unahitaji kiwango cha rejea kinachojumuisha volti, mkondo, pembe kati ya hivyo viwili, na muda. Maabara huweka mita kwenye meza ya upimaji pamoja na mita ya rejea, huzipitishia zote mzigo ule ule kwa pembe mbalimbali, kisha hulinganisha.

Kwa kuwa unatumia mita hizo kuwatoza watu fedha, zimekuwa vipimo vya biashara, na vipimo vya biashara nchini vinasimamiwa na Wakala wa Vipimo. Waone ofisini kwao Moshi kabla ya kununua mita nyingine. Wakati unasubiri, mgao wa haki ni kugawa uniti 110 kwa uwiano wa matumizi ya kila mmoja, na kuwaonyesha wapangaji hesabu hiyo kwenye karatasi. Usilidharau suala hili kwa kuona ni dogo: kiwandani panapotumika uniti 60,000 kwa mwezi, asilimia 1 tu ni uniti 600, ambazo zinatosha kaya nane zinazotumia uniti 75 kila moja.

Ndugu Mhariri,
*Ninafunga na kutunza mitambo ya mawasiliano ya maikrowevu kwenye minara ya Arusha na Kilimanjaro. Tuna mita mbili za nguvu. Nikipima kisambazi kimoja kwenye gigahezi 15, moja inasoma juu ya nyingine kwa desibeli 0.5. Zote zimetoka kwenye ugezi mwaka huu. Naomba kujua wati ya maikrowevu inatoka wapi hasa, na niamini ipi.*
Fundi wa mawasiliano, Sakina, Arusha

Ndugu yangu, swali lako ni zuri na ninaomba uvumilivu, kwa sababu jibu lake si fupi. Desibeli 0.5 inaonekana ndogo kwenye skrini, lakini ni tofauti ya asilimia 12 ya nguvu. Mita ya umeme wa nyumbani ikikosea kwa asilimia 12 watu wataandamana.

Kwenye betri au kwenye umeme wa hezi 50 tunapata wati kwa kuzidisha volti na ampea. Kwenye gigahezi 15 njia hiyo inakufa. Urefu wa wimbi hewani hapo ni sentimita 2, kwa hiyo volti uliyoipata mahali pamoja ndani ya waya si volti iliyopo nusu sentimita mbele yake. Hakuna mahali pa kuweka ncha ya mita na kusema "hii ndiyo volti". Wataalamu wa ugezi walilitatua jambo hili kwa kukubali kitu kimoja ambacho wimbi haliwezi kukificha, nacho ni joto.

Ndani ya kihisi cha aina ya bolomita kuna themista, punje ndogo ambayo ukinzani wake hubadilika ikipata joto. Punje hiyo huwekwa kwenye daraja la umeme linalopitisha mkondo wa moja kwa moja wa kutosha kuupeleka ukinzani kwenye thamani iliyochaguliwa, kwa mfano omu 200, na kuushikilia hapo. Maikrowevu ikiingia, punje inapata joto la ziada, na daraja linapunguza mkondo wake ili ukinzani urudi palepale. Nguvu ambayo daraja limeipunguza ndiyo nguvu ambayo maikrowevu imeileta. Tazama kilichotendeka: hatukuipima maikrowevu yenyewe, tumeipima nafasi iliyoiacha kwenye umeme wa kawaida, na umeme huo wa kawaida unapimwa kwa volti na omu zile zile za fundi wa Unga Limited. Ndiyo maana nchi haiwezi kuanza na viwango vya maikrowevu ikaruka vya volti na omu.

Linabaki tatizo moja. Sehemu ya maikrowevu huishia kwenye kuta za kihisi kabla ya kuifikia punje, na daraja halina habari nayo. Kwa hiyo maabara za juu kabisa hukiweka kihisi kizima ndani ya kalorimita ndogo, chombo kilichozungushiwa matabaka ya kuzuia joto, na kupima joto lote linalotoka, la punje na la kuta. Kazi hii huenda polepole sana: kwa kila masafa mtu husubiri muda mrefu hadi joto litulie. Matokeo yake ni namba moja kwa kila masafa, na namba hizo, zikichanganywa na kiasi ambacho kihisi hurudisha wimbi, ndizo zinazokufikia wewe zikiwa zimechapwa kwenye kibandiko cha kihisi chako au kwenye cheti chake kama kizidisho cha ugezi.

Hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi wako. Mita nyingi za nguvu hurekebishwa kwa miliwati 1 ya megahezi 50 inayotoka kwenye tundu la mita yenyewe. Baada ya hapo ni lazima fundi aingize kizidisho cha masafa anayoyapima. Ukiiacha mita kwenye asilimia 100 wakati kihisi kwenye gigahezi 15 ni asilimia 93, tayari umepoteza desibeli 0.3, na hakuna cheti kitakachokuokoa.

Hatua ya pili ni kuangalia kuakisiwa kwa wimbi. Hakuna kisambazi wala kihisi kinachopokea wimbi lote bila kurudisha chochote. Tuseme kisambazi chako kinarudisha theluthi moja ya wimbi na kihisi kinarudisha sehemu moja ya kumi. Mawimbi yanayorudi yanakutana na yale yanayokwenda, na kutegemea urefu wa kiunganishi yanasaidiana au kupingana. Kwa tarakimu hizo usomaji unaweza kupanda au kushuka kwa desibeli 0.28 hivi. Kihisi kimoja kikiangukia juu na kingine chini, umeshazipata desibeli zako 0.5, na mita zote mbili hazina kosa. Dawa yake ni kuweka kipunguzi kizuri cha desibeli 10 kati ya kisambazi na kihisi, kipunguzi ambacho nacho kimefanyiwa ugezi kwenye masafa hayo, kisha kupima upya kwa vihisi vyote viwili. Pishano likipungua sana, umepata jibu.

Hatua ya tatu ni ya mikono. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye karakana moja kutazama mita ambayo ilikuwa inasoma chini kuanzia gigahezi 10 kwenda juu, na mwenye mita alikwisha kuirudisha maabara mara mbili. Nilikishika kiunganishi chake chini ya lenzi ya sonara. Kwenye uso wa shaba, pale duara la nje linapokutana na mwenzake, palikuwa na unyoya wa chuma mwembamba kama kope, uliochongwa na hesi za adapta kuukuu. Tulipousafisha kwa kijiti cha pamba chenye spiriti na kukaza kwa spana yenye kipimo, mita ilisoma sawa na ya jirani. Kwenye hezi 50 unyoya ule usingeonekana na chombo chochote. Kwa sababu hiyo ninawasihi mafundi wa minara wasikaze viunganishi vya kihisi kwa kukizungusha kihisi chenyewe: shika mwili wa kihisi utulie, zungusha nati peke yake.

Kwa nini kiwanda au kampuni ijisumbue kiasi hiki? Kwa sababu mkataba wa mtambo hutaja nguvu ya kisambazi na unyeti wa kipokezi kwa desibeli, na akiba iliyobaki kati ya hivyo ndiyo inayobeba mawasiliano mvua kubwa za masika zinapopiga. Mvua humeza mawimbi ya gigahezi 15 kuliko ya gigahezi 7. Ukidhani una akiba usiyokuwa nayo, utaijua siku ya mvua. Ukizidisha nguvu kwa sababu mita yako inasoma chini, utamwingilia jirani, na leseni za masafa zinazotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano zina ukomo wa nguvu. Katika ukanda huu kuna pia uwanja wa ndege wa KIA, ambao rada na vifaa vyake vya kuongozea ndege vinahitaji masafa yasiyoingiliwa.

Shikamoo Mhandisi,
*Mimi ni mwanafunzi wa umeme hapa Arusha. Mwalimu alitufundisha kwamba tangu mwaka 2019 vipimo vyote vimefungwa kwenye namba za maumbile ambazo hazibadiliki. Kama ni hivyo, kila mtu anaweza kujitengenezea volti. Kwa nini basi taifa liendelee kutunza viwango? Na je, vitu hivi si vya wanasayansi zaidi kuliko viwanda?*
Mwanafunzi, Arusha

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi. Tarehe 20 Mei 2019 ampea ilifungwa kwenye chaji ya elektroni, ambayo imewekwa kuwa 1.602176634 mara 10 kwa kipeo cha hasi 19 cha kulombi. Volti nayo huzalishwa kwa njia ambayo mwanafizikia Brian Josephson aliibashiri mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 22. Vipitishio viwili visivyo na ukinzani, vikitenganishwa na utando mwembamba mno, vikimulikwa kwa maikrowevu, hutoa volti inayotegemea masafa ya maikrowevu hiyo na namba za maumbile peke yake. Kwa gigahezi 75 ngazi moja inatoa volti 0.000155. Ili kufika volti 10 zinahitajika ngazi zaidi ya 64,000, kwa hiyo kipande kimoja hubeba viungo takriban 20,000 vilivyounganishwa mfululizo, kila kimoja kikikaa kwenye ngazi ya juu kidogo.

Sasa linganisha na jibu tulilompa fundi wa Sakina. Wati ya maikrowevu inapatikana kwa kuilinganisha na volti ya umeme wa moja kwa moja. Volti yenyewe inapatikana kwa kuhesabu masafa ya maikrowevu, na masafa yanahesabiwa kwa saa ya atomi ya sizi. Fani hizi mbili, ya maikrowevu na ya umeme wa moja kwa moja, ambazo vitabu huziweka kwenye sura tofauti, zinashikana mikono pande zote mbili. Mimi hili limenivutia kwa miaka mingi na bado linanivutia.

Lakini je, kila mtu anaweza kujitengenezea? Viungo hivyo vimezoeleka kufanya kazi ndani ya heli iliyo kimiminika, kwenye nyuzi hasi 269. Namba za maumbile ni za bure, ila heli, vyombo, na watu waliofundishwa si vya bure. Kwa hiyo nchi nyingi hutunza chanzo cha volti 10 kilichojengwa kwa diodi ya zena, sanduku ambalo mtu anaweza kulipakata kwenye ndege, likiwashwa kwa betri yake safari nzima kwa sababu likizimika thamani yake inaweza kuhama. Sanduku linapelekwa kwenye maabara yenye volti ya Josephson, linapimwa, linarudi, na thamani hiyo inagawiwa kwa maabara na viwanda vya nchi. Kutunza kiwango cha taifa maana yake ni kuhakikisha sanduku hilo linakwenda, linarudi, linaandikiwa kumbukumbu, na mtu anawajibika nalo mwaka hadi mwaka. Na ili nchi nyingine ikubali kazi hiyo, taasisi za ugezi hulinganisha vipimo vyao na kutambuana chini ya makubaliano yaliyosainiwa Ufaransa mwaka 1999.

Ama kuhusu wanasayansi, historia inasema viwanda ndivyo vilivyolia kwanza. Nyaya za simu za maandishi zilipoanza kulazwa chini ya bahari, zilikatika mara kwa mara. Fundi aliyekaa ufukweni alipima ukinzani wa waya kutoka upande wake na kukokotoa mkatiko uko maili ngapi, kisha meli ikatumwa pale. Kama omu ya aliyetengeneza waya haikuwa omu ya aliyepima, meli ilikwenda kuvua waya mahali pasipo na tatizo. Uingereza iliunda kamati ya omu mwaka 1861, na mkutano wa Chicago wa mwaka 1893 uliieleza omu kwa safu ya zebaki ya sentimita 106.3 yenye joto la nyuzi 0. Waya wa simu wa chini ya bahari uliifikia Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden, kwa hiyo omu ilikwisha kufanya kazi kwenye pwani yetu kabla ya mkutano huo. Ujerumani ilipojenga taasisi yake ya taifa ya fizikia na vipimo mwaka 1887, aliyetoa ardhi alikuwa Werner von Siemens, mwenye viwanda vya umeme. Alijua anachokihitaji.

Mhariri,
*Je, ni lazima mita ifanyiwe ugezi kila mwaka? Gharama ni kubwa kwa karakana ndogo.*
Fundi wa pampu za maji, Hai

Ndugu fundi, mwaka mmoja ni desturi, wala si sheria ya maumbile. Mita ambayo vyeti vyake vitatu vya mwisho vinaonyesha kwamba haijasogea hata robo ya kosa inaloruhusiwa inaweza kungoja zaidi, isipokuwa mteja wako au mkataba umetaja muda. Mita iliyoanguka kutoka kwenye ngazi isingoje hata wiki. Ili kujua yako iko kundi gani, nunua kikinzani kimoja kizuri cha omu 100 ambacho thamani yake haihami sana kwa joto, kipeleke kwenye ugezi pamoja na mita safari moja, kisha kitunze kwenye kisanduku mbali na jua. Kila Jumatatu kabla ya kazi kipime, uandike kwenye daftari tarehe, joto la chumba na usomaji wa mita. Siku usomaji ukitoka nje ya kawaida uliyoizoea, funga mita hiyo uipeleke, ukiambatanisha nakala ya kurasa hizo za daftari, kwa sababu wataalamu wa maabara watataka kujua ilianza kuhama lini na ni kazi zipi ulizozipima tangu hapo.